Jinsi ya kumfuatilia mgonjwa aliyeumia vibaya ubongo, uwe na waya wa presha au usiwe nao

Swali linaloulizwa sana na wanaoanza kazi ICU ni hili: mgonjwa kaumia kichwa vibaya, hajitambui, na hana ule waya wa kupima presha ndani ya fuvu, sasa tunamfuatiliaje? Afu wenye waya nao wana lao, namba imeruka kutoka 14 hadi 26, monita inapiga kelele, nianze na nini? Watu huona haya ni maswali mawili tofauti kabisa, moja la hospitali zenye vifaa na lingine la zisizo navyo, ila ukifuatilia kazi za Randall Chesnut unakuta ni swali moja tu. Huyu ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kule Seattle, Marekani, na kwa zaidi ya miaka 30 amekomaa na jambo hilohilo: mgonjwa wa kichwa tumpime nini, na tukishapima tufanye nini. Mimi naandika kwa ajili ya manesi na madaktari wachanga wa zamu, sio kwa mabingwa. Dozi na maamuzi makubwa ni ya bosi wako wa wodi, hapa naongelea ule ufuatiliaji wenyewe, ile kazi ya kila saa.

Kwanza ujue tunapigana na nini. Ubongo ulioumia umeumia mara moja pale ajalini, hilo limeshapita wala hamna dawa ya kulirudisha nyuma. Kinachobaki mikononi mwetu ni madhara ya pili, yaani yale yanayokuja baadaye: presha ya damu kushuka, oksijeni kupungua, uvimbe, damu inayoendelea kuvilia ndani. Mwaka 1993 Chesnut na wenzake walionyesha kwamba presha ya damu ya juu, yaani ile namba ya kwanza, ikishuka chini ya 90, hata mara moja tu katika zile saa za mwanzo, vifo vinaongezeka takriban mara mbili. Hiyo peke yake ingetosha kukufanya usitoke pembeni ya kitanda. Miongozo ya sasa imepandisha hata kiwango chenyewe, kwamba mtu wa miaka 15 hadi 49 na yule aliyepita 70 presha ya juu isipungue 110, na wa miaka 50 hadi 69 isipungue 100.

Fuvu nalo ni kopo la bati lililofungwa. Ndani mna ubongo ambao ni kama asilimia 80, damu kama 10, na maji ya ubongo kama 10. Kimoja kikiongezeka kingine lazima kipungue, na nafasi ikishaisha presha hupanda kwa kasi ya kutisha. Wazo hili ni la zamani, lilianza na Monro mwaka 1783 na Kellie mwaka 1824, na mpaka leo ndo msingi wa kila tunachofanya. Maana yake kivitendo ni kwamba mgonjwa anaweza kukaa vizuri saa 10 nzima huku maji na damu vikipisha uvimbe taratibu, afu ndani ya nusu saa kila kitu kikavurugika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "alikuwa stebo tu usiku kucha" usitulie sana.

Sasa utafiti wenyewe. Mwaka 2012 Chesnut na timu yake walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Bolivia na Ecuador, wagonjwa 324 walioumia vibaya ubongo, wote wa miaka 13 kwenda juu. Nusu waliwekewa waya wa kupima presha ndani ya ubongo na matibabu yakalenga kuishusha isivuke 20. Nusu nyingine hawakuwekewa, walifuatiliwa kwa CT skani na kuchekiwa kitandani, na matibabu yao nayo yalikuwa yameandikwa hatua kwa hatua. Baada ya miezi 6, waliofariki walikuwa asilimia 39 upande wa waya na 41 upande wa skani, na tofauti hiyo kitakwimu haikuwa na maana. Kwenye ile alama ya jumla ya kupona na kuweza kufanya mambo yao pia hapakuwa na tofauti. Kilichotofautiana ni kwamba wasio na waya walipewa dawa za kushusha uvimbe kwa siku nyingi zaidi.

Dunia ikagawanyika. Wengine wakasema haya basi waya hauna kazi tuutupe, wengine wakakasirika kwamba utafiti unavunja kazi ya maisha yao. Wote walisoma kichwa cha habari wakaishia hapo, kwa maoni yangu. Chesnut mwenyewe alisisitiza kwamba hakupima kama waya ni mzuri au mbaya, alilinganisha njia mbili za kutibu, na njia zote mbili zilikuwa na kitu ambacho wodi nyingi hazina: mpango ulioandikwa unaosema ukiona hiki fanya hiki, na watu wa kuurudia kila saa bila kuchoka. Hapo ndo penye somo. Namba haitibu mtu. Waya usio na mpango nyuma yake ni pambo la bei ghali, na jicho lisilo na mpango nalo ni hivohivo.

Basi tuanze na jicho, maana hata mwenye waya analihitaji.

Mgonjwa akishapokelewa na kutulizwa, njia ya hewa sawa, presha sawa, tafuta alama yake ya Glasgow, yaani kipimo cha kujitambua, na uiandike kwa vipande vyake, usiandike jumla peke yake. Kipimo hiki kilitoka Glasgow mwaka 1974, kwa Teasdale na Jennett, na leo kina macho alama 4, maneno 5, mwili 6, na mgonjwa mwenye 8 kushuka chini ndo anaitwa aliyeumia vibaya. Ukiniambia "ana 7" hujaniambia kitu. Kuna 7 ya mtu anayepeleka mkono kwenye maumivu na kuna 7 nyingine kabisa ya mtu anayekunja mikono tu. Na akishawekwa bomba la hewa sehemu ya maneno imekufa, kwa hiyo kinachobaki cha maana zaidi ni mwili, yaani ile alama ya 1 hadi 6, ndo itakuwa rafiki yako usiku kucha.

Namna ya kuipata: simama upande ambao uso wako anaweza kuuona, mwite jina kwa sauti, mwambie "nyoosha vidole viwili" au "toa ulimi". Usitumie "nikamate mkono", kwa sababu kiganja kikiguswa kinaweza kujikunja chenyewe ukadhani ametii. Akitii ni 6, umemaliza. Asipotii ndo unakwenda kwenye maumivu, na maumivu uyaweke juu, bonyeza ule mfereji mdogo kwenye mfupa wa juu ya jicho kwa dole gumba, au minya msuli kati ya shingo na bega, ongeza nguvu taratibu mpaka sekunde kama 10. Mkono ukipanda ukavuka mfupa wa mtulinga kwenda kukutoa, hiyo 5. Ukikunja kiwiko na kujivuta tu bila kufika, 4. Ukikunja polepole huku mkono umejibana kifuani na kiganja kimejikunja, 3. Mikono ikinyooka na kujipinda kwa ndani, 2. Hamna kitu, 1. Andika mkono ulio bora, ila kama mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi, hilo liandike kwa herufi kubwa pembeni kwa sababu ni habari yenyewe. Kama uso umevunjika kwenye jicho usibonyeze pale, tumia bega.

Kosa ninaloliona kila mara sio kutojua alama, ni kila mtu kupima kwa njia yake. Mmoja anafinya kucha, mwingine anasugua kifua kwa ngumi, wa tatu anaita jina mara moja anaondoka, afu asubuhi kwenye chati mnaona 5, 3, 5, 4 na hamjui kama ni mgonjwa anayebadilika au ni manesi wanaobadilika. Wakati wa kukabidhiana zamu pimeni pamoja, anayetoka na anayeingia, palepale kitandani. Inachukua dakika mbili na inaokoa ubishi wa saa nzima.

Na dawa za usingizi je? Hapa lazima uandike ni dawa gani, inakwenda kasi gani, na lini iliongezwa mara ya mwisho, kila unapoandika alama. Alama 4 kwenye dawa kidogo na alama 4 kwenye dawa nyingi ni wagonjwa wawili tofauti. Usisimamishe dawa ghafla ili "tumwone anaamkaje" kama kuna dalili kwamba presha ya kichwani iko juu, kikohozi na kuhangaika kwake vitaipandisha zaidi. Kuamsha kuna wakati wake na ni uamuzi wa timu.

Mboni za macho sasa. Punguza taa ya chumba, fungua kope zote mbili kwa pamoja kwanza uone kama zinalingana, afu leta tochi kutoka pembeni, usiianzishie mbele ya pua. Pima kwa milimita, uwe na ile karatasi yenye miduara, maneno ya "kubwa kidogo" hayamsaidii mtu. Andika ukubwa wa kila upande na andika kama inajibana haraka, polepole au haijibani kabisa. Mboni moja ikitanuka na kugoma mara nyingi ni ubongo wa upande huohuo unasukumwa chini na kuukandamiza mshipa wa fahamu wa tatu, na hapo unahesabu dakika. Ila usisahau sababu za kawaida: jicho lenyewe lilipigwa, mtu aliwekewa matone ya kutanua mboni, au mgonjwa alizaliwa hivo. Ndo maana ya kuandika ilikuwaje tangu mwanzo. Na dawa za jamii ya mofini huzifanya mboni ndogo kama ncha ya kalamu, ukiwa na tochi hafifu utasema hazijibani kumbe huoni tu.

Baadaye, mwaka 2020, Chesnut na madaktari wengi wakiwemo wa Amerika ya Kusini walioizoea kazi hii bila waya, waliboresha ule mpango wa kundi la skani. Kinachonipendeza mimi ni kwamba uligeuka kitu cha kutumia kweli, kwa sababu unakupa namna ya kusema "huyu tumhesabu ana presha kubwa kichwani" hata kama hujampima. Kuna dalili kubwa na dalili ndogo. Kubwa zinatoka kwenye skani: matundu ya maji chini ya ubongo yamebanwa, au mstari wa katikati umehama zaidi ya mm 5, au kuna bonge la damu ambalo halijatolewa. Ndogo ni alama ya mwili 4 kushuka chini, mboni zisizolingana, mboni zisizojibana vizuri, na skani yenye uharibifu wa wastani, ile ya daraja la pili kwa madaraja ya Marshall ya kupanga skani za kichwa, yaani matundu bado yapo wazi na mstari haujavuka mm 5. Kubwa moja au ndogo mbili zinatosha, unaanza kumtibu kama mwenye presha kubwa. Bandika hiyo ukutani.

Ujue pia nini maana ya "amezorota", maana neno hili kila mtu analitumia anavotaka. Alama ya mwili kushuka kwa 1 au zaidi, mboni kuacha kujibana, mboni kutofautiana upya, upande mmoja wa mwili kulegea upya, au zile dalili alizozieleza Harvey Cushing zaidi ya miaka 100 iliyopita, presha ya damu inapanda, mapigo yanashuka, pumzi inavurugika. Lolote kati ya hayo, unapiga simu, hungoji kingine. Wengi hungoja zile tatu za Cushing zikamilike. Zikikamilika mara nyingi umeshachelewa.

Skani nazo zina ratiba. Kwenye ule utafiti kundi lisilo na waya walipigwa ya mwanzo, ya saa 48, na nyingine kuanzia siku ya 5, ukiacha zile za dharura pale mtu anapozorota. Ya mwanzo ikipigwa mapema mno, ndani ya saa chache tu baada ya ajali, inaweza kukudanganya, bonge la damu linaweza kukua baada ya hapo. Ukisoma majibu usiishie kwenye "hakuna damu nyingi", tafuta yale matundu ya chini yamekaaje. Ndo yanayosema nafasi imebaki kiasi gani.

Haya, sasa mwenye waya. Kuna aina mbili utakutana nazo. Ya kwanza ni mrija unaoingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, unapima na unatoa maji pia, faida mbili kwa pamoja, ila unaleta maambukizi ukichezewachezewa. Ya pili ni waya mwembamba unaokaa kwenye nyama ya ubongo, unapima tu. Huu wa pili unawekwa sifuri mara moja kabla haujaingia na baada ya hapo nyingi hazirekebishiki, kwa hiyo baada ya siku kadhaa namba inaweza kupotoka kidogo. Kupima mfululizo kwa mrija kulishika kasi na kazi ya Nils Lundberg wa Uswidi mwaka 1960, alikaa na wagonjwa akachora presha yao mfululizo, akagundua kuna mawimbi yanayopanda yakakaa juu dakika 5 hadi 20 afu yakashuka yenyewe. Kwa hiyo ukisoma namba mara moja kwa saa ukaandika 15, unaweza kuwa umeyakosa yote.

Kwa wenye mrija, hapa ndo fujo nyingi zinatokea. Transdusa, yaani kile kipokezi kinachopeleka presha kwenye monita, ikae usawa wa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, na kila ukiinua au kushusha kitanda uirudishe. Wakati wa kusoma, funga njia ya kutoa maji, ngoja dakika chache, ndo usome. Ikiwa njia iko wazi maji yanatoka, namba unayoiona sio presha ya ubongo, ni presha ya kimo ulichoning'iniza chupa. Na usichanganye vipimo: ule mti wenye namba unaoning'iniza chupa una sentimita za maji, monita ina milimita za zebaki, na 20 za zebaki ni kama 27 za maji. Nimeona watu wakibishana nusu ya zamu, huyu anasema 20 yule anasema 27, kumbe wote wako sahihi.

Kabla ya kuamini namba angalia wimbi lake. Kila pigo la moyo linatakiwa litoe vilima vitatu, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, cha tatu kifupi zaidi. Cha pili kikianza kukizidi cha kwanza, ubongo umeishiwa nafasi hata kama namba bado inasoma 17. Hii ni zawadi, inakuja mapema kuliko namba. Wimbi likilala kabisa usifurahie namba nzuri, cheki mrija umeziba, umejikunja, au kuna hewa.

Kawaida ya mtu mzima aliyelala ni kama 5 hadi 15. Miongozo ya mwaka 2016 inasema anza kutibu ikivuka 22. Usikimbilie dawa kwa ajili ya kikohozi kimoja, ikikaa juu dakika kama 5 mfululizo bila kushuka ndo unachukua hatua. Na usiabudu 22 yenyewe, mgonjwa mwenye 20 huku kilima cha pili kimepanda na mboni inasuasua ana hali mbaya kuliko mwenye 23 anayetii amri.

Namba ya pili ni presha inayosukuma damu kwenda kwenye ubongo. Unaipata kwa kutoa: wastani wa presha ya damu toa presha ya kichwani. Tuseme presha ni 120 kwa 75, wastani wake ni 90, kichwani kuna 28, inabaki 62. Lengo ni 60 hadi 70, na kuisukuma ivuke 70 kwa maji mengi na dawa za kupandisha presha kunaweza kuharibu mapafu. Sasa angalia mtego: transdusa ya presha ya damu umeiweka usawa wa moyo, kichwa umekiinua nyuzi 30, kwa hiyo kati ya moyo na sikio kuna kimo cha labda sentimita 15. Kila sentimita 10 za kimo ni karibu milimita 7 au 8 za zebaki, kwa hiyo ubongo unapata pungufu ya 11 hivi, na ile 62 yako ni 51 kwa ukweli. Kuna wodi zinaweka usawa wa moyo, kuna zinazoweka usawa wa sikio. Muhimu mkubaliane, muandike kwenye chati ni wapi, na asiibadilishe mtu katikati ya zamu.

Namba imepanda, ni kweli imepanda, wimbi liko vizuri. Kabla hujagusa dawa yoyote mtazame mgonjwa kuanzia kichwani kushuka chini. Shingo imenyooka au imeegemea bega? Kola ya shingo imebana, au ile kamba ya kushikilia bomba la hewa imekaza mshipa wa shingo? Kuilegeza tu kunaweza kushusha namba mbele ya macho yako. Kichwa kimeinuliwa nyuzi 30? Anapigana na mashine ya kupumulia, anakohoa, ana makohozi? Ana maumivu? Joto? Kuna vidole au kope zinazochezacheza, maana degedege inaweza kujificha hivo tu. Kibofu kimejaa, tumbo limevimba? Kaboni dayoksaidi ikoje, sodiamu ilipimwa lini? Hayo yote ni ya nesi na hayahitaji sahihi ya mtu, na nadiriki kusema ndo yanayomaliza kengele nyingi za usiku.

Isiposhuka ndo mnapanda ngazi: kuongeza dawa ya usingizi na ya maumivu, kutoa maji kidogo kama mrija upo, kisha manitoli gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo au maji ya chumvi kali. Manitoli inakojolesha sana, kwa hiyo usimpe mtu ambaye presha ya damu iko chini, utatibu namba moja na kuua nyingine. Na hapo ujiulize kama skani ya kurudia inahitajika, labda kuna bonge jipya linalosubiri upasuaji na nyie mnamwaga dawa. Ngazi za juu kabisa, yaani kumlaza kwa dawa nzito za usingizi au kufungua mfupa wa fuvu, zina gharama yake. Utafiti wa mwaka 2016 ulioongozwa na Peter Hutchinson, naye mpasuaji wa ubongo, wa Cambridge, ulionyesha kufungua fuvu kama hatua ya mwisho kunapunguza vifo, asilimia 27 dhidi ya 49 hivi, ila baadhi ya waliookoka walibaki hawajitambui kabisa. Ndugu wa mgonjwa wanastahili kuambiwa hivyo kabla, kwa lugha nyepesi, na mtu aliyekaa chini, sio anayepita.

Mambo mawili ya kuyaacha. Kumpumulisha haraka haraka kwa masaa kama kinga, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikishuka sana mishipa ya ubongo inabana na ubongo unakosa damu, hiyo ibaki ya dharura ya dakika chache wakati mnaelekea skani au chumba cha upasuaji. Na steroidi: utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 wenye wagonjwa 10,008 uliwakuta waliopewa wanakufa zaidi. Bado kuna watu wanaziandika kwa mazoea, ukiona uliza kwa heshima lakini uliza.

Kuna pia waya wa kupima oksijeni ndani ya nyama ya ubongo, kiwango wanachokiangalia isishuke chini ya 20. David Okonkwo, mpasuaji wa ubongo wa Pittsburgh, na wenzake walitoa mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa 119, ukaonyesha kwamba kutibu kwa kufuata oksijeni pamoja na presha kunapunguza ule muda ubongo unakaa bila oksijeni ya kutosha. Ila utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2023 wa njia hiyohiyo haukuona tofauti ya kupona. Kama unayo itumie, kama hauna usilie, hakikisha ile ya kidoleni haishuki na damu yake haijapungua sana.

Kupunguza matibabu ndo sehemu inayofanywa hovyo kuliko zote, kwa sababu kila mtu amechoka na mgonjwa "anaonekana vizuri". Ngoja atulie kwanza, angalau siku nzima bila kengele za kweli, skani imekaa vizuri, alama ya mwili inapanda. Kisha toa kitu kimoja kwa wakati, cha mwisho kuingia ndo cha kwanza kutoka, na kati ya kimoja na kingine mpe masaa umwangalie. Ukitoa viwili kwa pamoja afu akazorota hutajua umrudishie kipi. Waya wenyewe utoke ukiwa mchana, watu wa kutosha wapo na chumba cha skani kinafanya kazi, vipimo vya kuganda kwa damu viwe vimeonekana. Ukishatoka endelea na alama ya mwili na mboni kila saa kama kawaida, na kila ukibadilisha bandeji tazama kama imelowa maji meupe yasiyo damu. Ikilowa usiibandike nyingine juu yake, mwite daktari aishone.